Mwenyekiti wa Watu Kumi na Watatu

Kwa karibu miaka miwili ndugu wawili wa kike, wa tumbo moja, walifanya kazi Doha bila kuonana hata siku moja, na mwenyekiti wao nilikuwa mimi. Mkubwa alikuwa yaya katika jumba la ghorofa nililolinda kule Pearl, mtaa wa matajiri. Mdogo alifanya kazi za ndani Abu Hamour, nyuma kabisa ya kambi yetu ya walinzi, hata nikiwa juu ya paa naanika sare niliona tangi la maji la nyumba yao. Mimi nilishinda na mmoja na kulala jirani na mwingine. Wao walikuwa na simu tu.

Uenyekiti wenyewe niliupata nikiwa kitandani. Ijumaa moja, baada ya ugali na kuku, supavaiza wetu aliingia chumbani kwetu akaketi. Alikuwa Mkenya mwenzetu, mtu mzima, aliyetutangulia Doha miaka mingi, na ndiye aliyepanga nani alinde wapi na nani asimame juani. Kwa hiyo alipoanza kusema, tulinyamaza. Alisema Wakenya wa Doha hatuna umoja. Watu wa nchi nyingine wana vyama, wana timu za mpira, wanaalikwa karamu na mabalozi, sisi tumekaa tu kama mizigo. Kisha akatazama juu, nilikokuwa nimekaa kwenye kitanda cha ghorofa miguu ikining'inia.

"Huyu anajua kuongea," akasema. "Kuna mtu ako na pingamizi?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Mmoja wetu alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

"Basi amepita bila kupingwa."

Wakapiga makofi, na yule aliyelala akaamka akapiga pia. Tulikuwa watu kumi na watatu chumbani, ukimhesabu supavaiza, wote wa kampuni moja. Hapo hapo tukajiita Umoja wa Wakenya Wote wa Doha. Wenzangu wakaanza kunitania, "Mhesh! Mhesh, tuletee lami!" nami nikajifanya nimekasirika. Jioni nikampigia mama simu kumpa habari, naye akazipeleka kanisani Jumapili iliyofuata. Kichwa changu kilianza kuvimba siku ile.

Tulijiwekea sheria kama tulivyozizoea kwenye vyama vya nyumbani. Mkutano ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na asiyekuja ameridhia yote yatakayoamuliwa. Mmoja wa wale kumi na watatu akirudi Kenya moja kwa moja, waliobaki watachagua wa kuziba pengo. Sheria hiyo ya asiyekuja ina akili yake kwetu nyumbani, kwa sababu kule mtu asipokuja mkutanoni ni uvivu wake, asije kesho kutupigia kelele. Tuliibeba ilivyo, kama tulivyobeba unga na majani ya chai kwenye masanduku. Hakuna aliyeuliza, hapa Doha, ni nani hawezi kutoka nyumbani siku ya Ijumaa.

Jibu lilikuwa likipita mbele yangu kila siku likisukuma kigari cha mtoto. Yule yaya alikuwa mtu wa Pwani, mwenye sauti ya chini, na kwa miezi mingi hatukuwa tumevuka salamu. Ijumaa ndiyo siku wageni walikuja kwa mabosi wake, kwa hiyo ndiyo siku aliyofanya kazi kuliko zote. Siku moja alisimama mbele ya meza yangu ya mapokezi, akaniangalia vizuri.

"Kaka, wewe ndiwe mwenyekiti? Nimeona picha yako kwa simu."

Nikasema ndiye mimi. Nilisema kwa unyenyekevu wa uongo, ule wa kuinamisha kichwa kidogo.

"Basi nina neno," akasema. Akanieleza habari za mdogo wake wa Abu Hamour. Waliletwa na ofisi moja ya mawakala wa kazi, kwa ndege mbili tofauti, na tangu wafike hawajaonana. Mdogo alikuwa akimaliza mkataba miezi michache ijayo, na ameamua kurudi kuolewa. "Sitaki makubwa. Ijumaa moja tu. Nusu yake. Madam si mtu mbaya, lakini nikisema mimi ataona nimeota pembe. Ofisi ikimwambia, atakubali. Na mtu wa ubalozi akiipigia ofisi, ofisi itasikia. Wewe wakubwa wale wakusikiza."

Nikamwambia aniachie mimi. Ndivyo nilivyosema, aniachie mimi, kama waziri.

Kwa siku zile nikawa tarishi wao. Mkubwa alinipa leso aliyoikunja kwenye mfuko wa plastiki, nami nikaipeleka Abu Hamour nikabonyeza kengele ya lile geti. Lilifunguka kiasi cha kupitisha mkono. Nikaona mkono, bangili ya shanga, na nusu ya uso uliofanana na ule wa Pearl, isipokuwa huu ulikuwa mnene kidogo. "Mwambie nimeipata," akanong'ona, "na mwambie amekonda, niliona kwa picha." Geti likafungwa. Kesho yake nilipofikisha ujumbe, mkubwa alicheka hadi akafuta macho. Nilifurahi mno nafsini mwangu, nikajiona mtu wa maana.

Sasa nimlete Mwairishi, kwa maana bila yeye labda ningeendelea kujiona hivyo hadi leo.

Alikuwa mhandisi kutoka Ayalandi, mzee, akiishi peke yake ghorofa ya juu. Gari la kampuni yake lilichelewa kila asubuhi, na wakati wengine waliosubiri magari walitazama simu zao, yeye alikuja kuegemea meza yangu na kupiga domo. Kiingereza chake kilinitesa mwanzoni, kilikimbia na kumeza nusu ya maneno. Nilipokizoea niligundua kwamba mzee alikuwa na jambo moja tu moyoni: alikuwa akiandika historia ya mji wao, na hakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia. Wanawe, alisema, walikuwa wamemkataza kuitaja mezani.

Mji wenyewe ulikuwa barabara moja tu, soko, na juu ya kilima jumba la bwana mkubwa aliyemiliki ardhi yote. Lakini zamani, mfalme wa Uingereza aliupa mji ule haki ya kupeleka wabunge wawili katika bunge la Ayalandi lililokuwa Dublin. Nikasema mji mdogo hivyo kupata wabunge wawili ni bahati kubwa. Mzee akacheka kwa raha, kama mtu aliyekuwa akingoja useme hivyo.

"Uliza nani waliopiga kura," akaniambia.

Nikauliza. Walikuwa kumi na watatu: mkuu wa mji na wajumbe kumi na wawili. Mmoja akifa, waliobaki walichagua wa kukalia nafasi yake, na kila mara walimchagua yule aliyependekezwa na bwana wa kilimani. Kulikuwa na kaka yake bwana, na shemeji yake, na mkusanya kodi wake, na msimamizi wa farasi wake. Baadhi yao hawakuwahi hata kulala usiku mmoja katika mji ule. Siku ya uchaguzi walipanda chumba cha juu ya soko, majina mawili yakasomwa, hakuna aliyepinga, wakashuka kwenda kunywa. Chini yao wenye mji waliendelea kuuza siagi na viazi. Wengi wa hao walikuwa Wakatoliki, na sheria za siku zile ziliwafungia nje ya mambo yote kama hayo, kwa hiyo mbunge wao walimjua kwa kusikia tu.

Nilicheka sana. Nilimwambia mzee kwamba hata kwetu siasa ni hivyo hivyo, nikamtajia vituko vya madiwani wa nyumbani. Nilikuwa na mifano mingi, na yote ilikuwa ya watu wengine. Nikiikumbuka asubuhi ile natamani kuingia chini ya meza.

Yeye hakucheka kuhusu jambo moja. Babu wa babu yake, alisema, ndiye aliyeshika farasi wa wale kumi na watatu nje ya soko wakati wao wakipiga kura juu. Ukoo wao uliisimulia habari hiyo kwa majivuno vizazi vyote: mzee wetu alikuwepo siku ya uchaguzi, mzee wetu aliwashikia farasi. "Nilikuwa mtu mzima," akasema, "ndipo nikaelewa tulikuwa tukijisifia nini."

Nadhani ilikuwa wiki ile ile. Mzee ameegemea meza, mimi nimemwonyesha kwa fahari tangazo la karamu yetu, ambayo ofisa wa ubalozi alikuwa amekubali kuhudhuria. Jina la umoja limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake picha yangu nimevaa tai ya kuazima. Lifti ikafunguka, yaya akatoka na kigari cha mtoto.

"Habari ya asubuhi, mwenyekiti," akanisalimu.

Mzee alilijua neno hilo, nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Akamgeukia kwa Kiingereza, kwa utani tu, hakuwa na ubaya: "Huyu ni mwenyekiti wako? Ulimpigia kura?"

Yaya akafikiri. Alitaka kujibu vizuri, kwa sababu aliona mzee ni mtu mkubwa na mimi ni mtu wa kwao.

"Hapana, sir," akasema. "Sikujua kulikuwa na kura. Lakini ni mwenyekiti mzuri."

Akaendelea na kigari chake hadi mlangoni. Mzee akaniangalia, kisha haraka akaangalia nje kutafuta gari lake, na kule kuangalia nje kwa haraka ndiko kulikoniua. Uso wangu uliwaka. Nilijikuta nikihesabu kimoyomoyo: supavaiza, wenzangu wa kampuni, yule aliyelala. Nikawakuta kumi na watatu, kamili. Gari la mzee, kwa mara ya kwanza katika historia ya mji wa Doha, likafika mapema.

Siku zilizofuata nilijikosha. Nilijiambia kwamba kiti nimekipata vibaya lakini nitakitumia vizuri, na kazi yake ni moja: kumwomba ofisa wa ubalozi aipigie ofisi iliyowaleta wale ndugu. Simu moja. Nilifanya mazoezi ya maneno hayo bafuni kambini hadi wenzangu wakagonga mlango. Yaya naye hakunisumbua. Kila alipopita aliuliza tu, "Bado?" nami nikajibu, "Karamuni."

Karamu ilifanyika katika ukumbi wa hoteli ndogo, Ijumaa. Waliojaa ni walinzi na madereva, na wahudumu wachache wa hoteli. Wanawake walikuwa wawili watatu, hakuna hata mmoja anayelala kwa bosi. Nilikaa meza ya mbele, mkono wa kulia wa ofisa. Alikuwa mcheshi, alinipigapiga mgongoni, alicheka vichekesho vyangu hadi nikaona vinazidi kuwa vizuri. Kabla sijasimama, supavaiza aliinama sikioni mwangu.

"Ongea mambo ya uwanja wa mpira na jezi. Hiyo tumeelewana. Usimharibie mgeni chakula na maneno ya wasichana wa manyumba, itaonekana tumemwita tumshtaki."

Nilikuwa nimemweleza habari ya wale ndugu siku moja kabla. Hakukataa wakati ule, alisema tu tutaona.

Nikasimama. Maneno yalikuwa mdomoni, nayajua kwa moyo. Nikawaona wale wote waliokuwa wakinitazama, na ofisa amegeuza kiti chake anisikilize, na kipaza sauti kilikuwa kizuri, kikanifanya nisikike kama mtangazaji. Nikaomba uwanja. Nikaomba jezi. Nikamshukuru ofisa kwa kuacha shughuli zake nyingi, nikatia kichekesho cha mwisho, nikakaa kwa makofi. Hakuna aliyenifunga mdomo. Supavaiza angenifanya nini? Angenihamishia lango la juani, basi. Watu wamesimama juani kwa mambo madogo zaidi. Ukweli ni kwamba nilipenda kupendwa na ile meza, na nikaogopa kuiharibu, na niliona haya pale pale nilipokuwa nikipigiwa makofi, nikaendelea kutabasamu.

Asubuhi yake yaya alishuka mapema kuliko kawaida. Nilikuwa nimepanga kumwambia mambo yanashughulikiwa. Nilipomwona hata hivyo ulimi ukagoma kudanganya.

"Sikusema," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Yeye akamfunga mtoto mkanda wa kigari.

"Labda watu walikuwa wengi," akasema. "Wakati mwingine, kaka."

Hakukuwa na wakati mwingine. Mwezi uliofuata nilimwendea yule ofisa ubalozini peke yangu, nikaambiwa yuko safarini, nikaacha ujumbe kwa mtu aliyeko mapokezi kama mimi, nikarudi nikijiona shujaa kwa kupanda mabasi mawili. Wakati huo mdogo alikuwa ameshakatiwa tiketi. Siku ya safari yake, jua likielekea kutua, yaya aliomba ruhusa ya kumtembeza mtoto, akasimama karibu na lango langu upande inakoonekana anga.

"Yapita huku, ndege?" akaniuliza.

Nikamwambia zinapita nyingi. Tulisimama tukizitazama zikipaa moja baada ya nyingine mbali kule juu ya mji. Alikuwa amezungumza naye kwa simu hadi mlango wa ndege. Hatukuweza kujua ni ipi. Aliipungia mkono mojawapo, kisha akaona aibu, akaupunga mkono huo huo juu ya kichwa cha mtoto kana kwamba alikuwa akimfukuzia nzi. Mimi nilisimama na sare yangu na kitambulisho changu kifuani.

Mzee Mwairishi alimaliza mkataba wake kipindi kile kile. Asubuhi ya mwisho, masanduku yake yakiwa mlangoni, alinisimulia mji wao uliishia wapi. Bunge la Dublin lilifutwa, likaunganishwa na la London, na miji midogo kama wao ikanyang'anywa wabunge. Yule bwana wa kilimani akaenda kudai fidia, na serikali ikamlipa. Alilipwa kama mtu aliyebomolewa nyumba yake, kwa kuwa viti vile vilihesabiwa kuwa mali yake.

"Na watu wa mji?" nikauliza.

"Watu wa mji walipoteza nini?" akasema. Akanipa mkono, akaingia kwenye gari.

Haikupita muda mrefu, vyama vyote vya Wakenya vya pale Doha vikaunganishwa kuwa kimoja, chenye uchaguzi wa kweli na kura za kupiga kwa simu, hata kwa waliofungiwa ndani. Umoja wetu wa watu kumi na watatu ukafa. Nilikubali bila kelele. Niliona ni haki, na nikajiambia kwamba sasa angalau nimetoka kwenye ile aibu.

Wale wenzangu hawakukubali niondoke hivi hivi. Wakaniandalia chakula chumbani, supavaiza akahutubia, akanivika kilemba cha ukoka mbele ya watu waliojua ukweli wote. Kisha akatoa boksi la bluu. Ndani yake mlikuwa na ngao ya kioo, maandishi ya dhahabu: kwa utumishi uliotukuka kwa Wakenya wote wa Doha. Nikamkumbuka bwana wa kilimani akinyoosha mkono kupokea fidia yake. Nikanyoosha wangu. Wakapiga makofi, nami nikashukuru kwa hotuba fupi, nzuri.

Kesho yake nilikuwa nayo kazini, chini ya meza ya mapokezi, kwa kuwa kambini vitu vya kioo havidumu. Yaya alishuka na mtoto, ambaye sasa alikuwa akitembea na kushika kila kitu. Mtoto akazunguka meza, akafungua boksi, akaitoa ngao kwa mikono yake yenye mafuta ya biskuti. Yaya akamnyang'anya upesi. Kisha akaigeuzia mwangani akaisoma kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, hadi kwenye lile neno 'wote'.

"Hongera, kaka," akasema. "Umestahili."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Ningeipata ningepumua. Haikuwepo. Alikuwa amefurahi kwa ajili yangu, kama mtu anavyofurahia wa kwao. Akashika pindo la leso yake, akafuta alama za vidole vya mtoto, mbele na nyuma, akapulizia kioo pumzi na kufuta tena palipobaki ukungu. Ilipong'aa akanirudishia kwa mikono miwili, naye amepiga goti kidogo, kama wanavyompa mtu mkubwa kitu kule kwao. Nami nikaipokea.